Ushuru wa Hewa

Barabara hii ya Podington ililazwa wakati wa vita
kwa ajili ya ndege nzito, zilizouomba upepo uzibebe.
Sisi tumekuja na Ford ya mwaka hamsini na sita,
imesimama wima kama kabati la vyombo,
na tunauomba upepo utupishe.

Haupishi.

Clive Hartnell ana miaka sabini na moja na adui mmoja, saa.
Kila majira ya baridi hununua farasi.
Mwaka juzi alinunua mia, wamekunjwa ndani ya turbo
iliyofika Wellingborough kwenye boksi la ndizi,
na siku ya mbio farasi wote mia
wakatuletea maili tano.
"Wengine wamekwenda wapi?" akauliza,
akichungulia chini ya boneti kana kwamba wamelala humo.

Nikamwandikia ubavuni mwa boksi kwa penseli ya karakana,
mimi Saumu Shekue, mkereza vyuma,
niliyefeli fizikia Korogwe
kwa kuwa mwalimu hakutaja gari hata siku moja:

Kwa maili sabini kwa saa, Clive,
farasi ishirini na saba hawana kazi nyingine
ila kuitanua hewa ili upite.
Sasa taka mwendo mara mbili.
Hewa itakukaba mara nne,
na huko kukabwa utakuvuka kwa upesi maradufu.
Basi zidisha kwa mbili, na mbili, na mbili tena:
mia mbili na kumi na sita,
kabla hujalipa senti ya tairi, ya gia, ya uzito.

Aliisoma kama barua ya kodi.

Pale kwenye taa hewa ni mpole,
unashindana na uzito wako tu.
Ukipita nusu ya njia ndipo inapoamka.
Haipigi kelele. Inaweka kifua.
Na mkono mtupu haulambwi:
kila maili ya juu inadai zaidi ya ile iliyotangulia.

Jumapili akaja na kikapu cha Beryl,
sufu nyekundu, sweta iliyoishia kiwikoni.
Tukakata nyuzi, urefu wa kidole,
tukazibandika bodi nzima, pua mpaka mkia.
Nikaendesha gari la pembeni, kamera dirishani.

Kwenye boneti zililala vizuri, zote zikielekea nyuma.
Kwenye kioo cha mbele zilitetemeka.
Lakini nyuma ya paa, pale bodi inapokatika ghafla,
nyuzi ziligeuka.
Zilitazama mbele, kinyume na upepo,
zikipunga.
Clive alirudisha picha ile mara sita, bila neno.

Tukang'oa vioo vya pembeni. Tukaziba nyufa kwa utepe.
Tukashusha pua vidole viwili,
tukanyoosha bati dogo pale paa linapokwisha.
Pauni arobaini na chai.
Hakuna farasi aliyenunuliwa.

Agosti, saa kumi jioni, lami bado ina joto.
Kijani.
Aliondoka, nikahesabu kimoyomoyo,
na kule mwisho ubao ukaandika mia thelathini na nane,
maili tatu ambazo hatukuzilipia.

Kisha akavuta kamba.
Mwavuli ukajaa kwa kishindo kimoja,
na hewa ileile tuliyoikwepa, tuliyoizibia kila tundu,
ikamshika mzee kwa mgongo
ikamsimamisha taratibu kabla ya ua wa mkulima.

Nilimkuta amekaa tu, kofia magotini.
Uzi mmoja mwekundu umebaki kwenye kioo cha nyuma.
Nilinyoosha mkono niubandue.
"Unakula farasi wangapi huo?" akauliza.
Nikapiga hesabu. Kweli niliipiga.
"Haupimiki," nikasema.
"Basi uache."