Bukta Mbili

Mnaniuliza mimi, vijana wa mtaa wa Sikukuu,
nani alikuwa zaidi, Kondo Pazi au Rajabu Mtulia,
kana kwamba nilikaa kando ya ulingo nikihesabu ngumi.
Mimi nilikuwa na futikamba.

Kondo wa Keko: kiuno inchi thelathini.
Kila akichukua bukta aliigusa cherehani yangu kwa midomo,
haraka, akidhani sioni.
Rajabu wa Magomeni Mapipa: ishirini na tisa na nusu.
Hiyo nusu tuligombana miaka sita.
"Usinipunje, dada Siwema," anasema,
"mwenzangu huyo anapewa zima."

Kondo alipiga kama masika juu ya bati,
hujui tone lipi limekulowesha.
Rajabu alipiga kama mdai:
anabisha hodi mara moja,
anangoja,
anajua umo ndani.

Basi ukaja mwaka wa foleni,
sabuni kwa kibali, satini hata ya kuotea hakuna,
na pambano Anatoglo Jumamosi.
Nikatoa gauni langu la harusi.
Ndoa yenyewe ilishachanika, gauni lilikuwa zima.
Nikakata bukta mbili.
Ya Kondo nikaichemsha kwa rangi ya ukili,
chumvi, ndimu, ikashika, nyekundu kama tui la mkwaju na pilipili.
Ya Rajabu, bluu ya kufulia.
Ndimu zilikuwa zimekwisha.
Nikasema, aa, usiku mmoja tu.

Raundi ya saba jasho likaichuja.
Bluu ikateremka mapajani, ikaingia kwenye soksi,
ukumbi mzima ukaangua kicheko,
mtu wa nyuma akapaza sauti, "Wino huo! Mwalimu kajimwagia!"
Na Kondo, maskini, naye akatazama chini.
Akacheka. Meno yote nje.

Hapo ndipo mdai alipobisha hodi.

Ngumi ile mmeisikia kwa baba zenu,
mnaionyesha hapa mlangoni kwa mikono yenu myembamba,
bega hivi, kiwiko hivi.
Sawa.
Hakuna aliyewaambia habari ya ndimu.

Asubuhi yake Kondo alikuja kulipa deni,
jicho moja limefumba kama kitumbua.
Beseni lilikuwa pale chini, maji ya bluu,
bukta ya mwenzake imelowa humo.
Akaitazama muda mrefu.
Nami nikasokota uzi usiohitaji kusokotwa.
Akaweka shilingi kumi na mbili juu ya meza, moja moja.
"Inayofuata uiongeze inchi," akasema. "Naona ninazeeka."
Cherehani hakuigusa.

Inayofuata niliishona. Thelathini na moja.
Iko ndani ya sanduku, haijawahi kuvaliwa.

Nani zaidi?
Rajabu alinizidi ubishi kwa nusu inchi.
Jingine sijui, na nyinyi hamjui.
Sogeeni mlangoni hapo,
mnanizibia mwanga.