Ghorofa ya Tisa, Upper Hill

Kompyuta imeupaka kijani mstari wa Kyandula:
shilingi arobaini na mbili kwa kila mgonjwa,
zahanati ya kwanza kwa ufanisi.
Mkubwa wangu anataka iwe mfano.

Nikapiga simu.
Muuguzi Kasyoka akacheka hadi akakohoa.
"Dawa ziliisha Machi. Mgonjwa akija
namwandika daftarini, namwambia pole.
Pole haina risiti."

Mafuta ya taa anayanunua kwa mshahara wake.
Mlinzi hajalipwa tangu mvua za vuli,
ila kila alfajiri hufagia.

Dirishani, kreni inapandisha vioo
vya hospitali nyingine.
Narudi kwenye jedwali, natafuta safu ya pole.
Haipo. Naiongeza.

Kompyuta inauliza:
kwa kipimo gani?