Punje ya Sabini na Moja

Kazi yangu ni uzi.
Meza ipo kibarazani kwa Jamnadas, Tabora mjini,
pale vumbi la stesheni linapofika limeshachoka.
Natunga kilichokatika. Shanga za kiunoni, naam, na za harusi,
lakini ugali wangu uko kwa wenye kusali.

Kanta, mjane wa Jamnadas, ndiye aliyenifunza fundo:
kati ya punje na punje, fundo,
ili siku ya kukatika ipotee moja, si zote.
Alinishika kidole akakipitisha kwenye mala yake,
mia na nane za mti wa tulsi,
hadi ile kubwa ya mwisho. "Hapa hupiti.
Hapa unageuka, unarudi ulikotoka.
Mungu si kichuguu cha kurukwa."

Nikaitazama tasbihi ya Maalim Hilali:
nayo ina yake ndefu kama mnara, na kidole kinasita.
Rozari ya Sista Veneranda wa misheni:
medali, kisha msalaba, na kidole kinagota.
Nani alimwonyesha nani?
Nani kwanza aliona ulimi hauaminiki peke yake,
akakipa kidole kazi ya kuushuhudia?

Kanta alisema, "Sisi tulianza," kama asemaye habari ya chapati.
Maalim alisema Mungu hana mwanzo, seuze hesabu yake.
Sista alisema anachelewa basi la Sikonge.

Bibi yangu, hukohuko Sikonge, hakuwa na uzi wa kusalia.
Alivaa kibangwa, gamba la bahari ambayo hakuiona,
lililofika Unyanyembe vichwani mwa watu
ambao hakuna aliyewahesabu.
Alichovya kivumbasi majini, akanyunyiza mlangoni, akawataja wafu.
Kanta alipoona kivumbasi chetu alisema, "Huyu ni mdogo wake tulsi,"
akakinusa kwa muda mrefu, macho kafumba.

Kisha ile siku. Asali mpya imeingia mjini,
Kanta kanunua chupa ya kuwaogeshea miungu wake
(maziwa, mtindi, samli, sukari, na asali ya miombo yetu;
kumbe hata wao, nikawaza, wameshakula kwetu),
mara mbuzi wa mtu akapita chini ya meza.

Kazi tatu za siku moja chini.
Mia na nane. Tisini na tisa. Hamsini na tisa.
Tuliokota tumepiga magoti, mimi, Kanta na mwenye mbuzi;
mpita njia angedhani tunasali, asijue kwa nani.
Jua linazama, imepungua moja, ya tasbihi.
Mtaro umeila.

Kanta akafungua kopo lake la hina, akatoa punje kavu.
"Weka hii."
"Ya tulsi? Kwa Maalim?"
"Maalim anahesabu majina, hahesabu miti."

Nikaiweka ya sabini na moja.
Nikafunga fundo huku na fundo huku.
Nikanyamaza miaka kumi na mmoja.

Kanta akafa masika. Majivu yake yalipanda treni hadi Kigoma,
kwenye chungu kilichofungwa kanga, mapajani mwa mwanawe.
Ganga ni mbali; ziwa likampokea.
Tulsi yake uani nikaendelea kuimwagilia mimi,
bila neno lolote, kwa kopo la Kimbo.

Juzi Maalim amekuja, uzi umelegea.
Kidole kikasafiri, kikafika, kikasimama.
"Hii ikipata joto la mkono," akasema,
"inanuka uani kwa mama yangu, Ujiji, alfajiri."
Nikafungua mdomo kuungama. Akainua kiganja.
"Badilisha uzi, binti. Mpangilio uache."

Alipoondoka nilihesabu, nikahesabu tena.
Mara ya pili midomo ilikuwa inacheza
na sijui ilikuwa ikimtaja nani.