Daftari la Zamu

Miaka ishirini na miwili nililinda boila
pale kiwanda cha karatasi, Webuye,
moshi wake ukila mabati ya watu
mpaka mvua ikawa inaingia vyumbani bila hodi.
Kazi yangu ilikuwa sindano moja:
isivuke mstari mwekundu.
Kila saa niliandika, geji sawa,
nikatia sahihi, Sitati, nikanywa chai.

Kiwanda kikafa. Nikabaki na joto langu mwenyewe.

Mwaka juzi, zahanati,
Sista Chepkwemoi alinifunga mkanda mkononi,
akapuliza, akanyamaza, akapuliza tena.
"Mzee, mia moja themanini na mbili."
Nikamwambia siumwi popote.
"Hata boila haiumwi," akasema.
Nani alimwambia kazi yangu?

Nikarudi na vidonge vya namna nne, bahasha nne:
cha asubuhi, cha kukojoza;
cha usiku, cha mafuta ya damu;
cha tatu ni nusu, Nasambu akikikata kwa kisu cha vitunguu,
nusu ya pili ikirukia uvunguni mwa kabati;
na cha nne sikumbuki kilikuwa cha nini,
ndicho nilichokuwa nikikiruka.
Siku moja jogoo alikidonoa sakafuni.
Tulimtazama wiki nzima. Hakufa.
Alipunguza tu ukali wa kuwika.

Cheupe kikiisha, cha manjano kimebaki;
cha manjano kikiisha, nauli haipo.
Nikawa mtu wa kumeza akikumbuka,
na kumbukumbu ya miaka sitini na tisa
ni chekecheke, si debe.

Khisa hakuwa hata na bahasha.
Tulikuwa kwenye chama, anahesabu noti,
akafika elfu sita na mia tatu,
akashika ukingo wa meza kama anayetaka kuisogeza.
Pesa ile hatukuihesabu tena. Tulimnunulia nayo mbao.

Mwezi wa tatu Sista akaniita kando,
akaniwekea kiganjani kidonge kimoja,
kidogo kuliko punje ya mahindi.
"Vyote vimo humu. Vya presha, na cha mafuta pia.
Asubuhi kimoja, basi."
Nilikigeuza, nikidhani ni mzaha.
Mimi nililelewa kwa dawa ya mizizi, sufuria nzima,
utokwe jasho, utapike, useme: imefanya kazi.
Hiki kinashuka na chai ya rangi kama hakikupita.

Na hapo ndipo taabu yangu:
sisikii kitu.
Nikimeza, niko vile vile.
Magoti ni yale yale nikipanda Chetambe,
magadi yamepunguzwa kwenye mrenda,
kopo la chumvi limehamia kwa jirani,
na hakuna wa kunionyesha kilichozuiwa.
Nishukuru vipi jambo lisilotokea?

Nasambu alikuwa anapepeta maharagwe.
"Boila yako ililipuka mara ngapi?"
"Haikulipuka."
"Nani alikuja kukushukuru?"

Maharagwe yakaendelea kuruka na kutua.
Nikaukumbuka usiku wa zamu,
mji mzima chini ya mabati yaliyotoboka,
watu wakikoroma, wakigombana, wakizaa,
bila kujua kwamba mahali fulani
kuna sindano, na mtu mwenye usingizi anayeitazama.

Nimenunua daftari la shilingi arobaini.
Kila asubuhi, kabla redio haijamaliza habari,
Nasambu anauliza, "Tayari?"
Kuna siku mbili tatu kila mwezi zinazonitoroka.
Siandiki uongo. Mstari nauacha wazi.

Leo Alhamisi. Mvua. Ng'ombe wa jirani amezaa.
Mkanda wa Sista: mia moja thelathini na nne.
Geji sawa.
Sitati.