Upanga wa Babu

Kila Aprili, usiku wa kuamkia Jumapili ya kura,
bibi yangu Ottilia aliushusha upanga ukutani,
akausugua kwa majivu ya jiko na tone la siki
hadi uso wake ukaonekana humo, umerefuka, umepinda,
kama uso wa mtu anayezama.
Kisha akampa mumewe.

Kwetu Appenzell, upanga ulikuwa kitambulisho.
Mwenye nao aliingia ndani ya kamba,
akanyanyua mkono, na sheria ikawa sheria.
Asiye nao alibaki dirishani,
nyuma ya pazia alilolidarizi mwenyewe,
akihesabu mikono asiyoweza kuiongeza.

Siwadanganyi: bibi hakuwa shujaa.
Mwaka wa tisini, wanaume walipoulizwa tena
kama wake zao waingie, na mikono ikasema hapana,
alikoroga supu yake ya unga.
"Mimi nina kazi," alisema. "Sina haja."
Mama yangu, Kreszenz, alirusha sahani.
Ilikuwa sahani ya harusi. Alama yake ingali kwenye plasta,
tumepaka rangi mara nne, inarudi.

Majaji wa mbali ndio waliofungua kamba.
Aprili iliyofuata mama aliingia uwanjani
na kadi mkononi, na mimi tumboni, miezi saba.
Hautle, jirani yetu muuza jibini,
alitema mate karibu na kiatu chake.
"Mkono ulikuwa mzito," mama husema,
"kama ndoo ya maziwa."

Mimi nilidhani ndoo ile ilikwisha kutuliwa.

Mpaka siku niliyoikuta hati ya mshahara wa Urs
amesahau kwenye printa.
Meza yake na yangu zinagusana. Nilimfundisha kazi mimi.
Nikasimama pale, karatasi ingali na joto,
nikisoma tarakimu zake kama barua ya mtu mwingine.
Na Aprili, tulipoulizwa kuhusu kituo cha watoto,
bosi alikuwa hatua tatu kando yangu,
hatazami jukwaa, anatazama mikono.
Kura yetu haina pazia.
Niliunyanyua. Nikaijua ndoo.

Bibi alikuwa na miaka tisini na mitatu
aliponiita karibu na kitanda, akicheka bila meno.
"Upanga ule? Babu yako hakukata nao hata siagi.
Mwaka mzima niliuzuilia mlango wa banda la kuku
usibamizwe na upepo.
Siku moja tu, ndiyo ulikuwa wake."
Akanyamaza. Chai ikapoa.
"Nilisema sizitaki mbichi hizi," akasema.
"Usimwambie mama yako."

Nilimwambia mama. Alilia, kisha akakasirika,
kisha akaenda kuosha gari.

Kwa desturi upanga ni wa kaka yangu Beat,
aliyehamia Basel, asiyekuja hata Krismasi.
Unamngoja kwangu, juu ya kabati la viatu.
Jana Malin, ana miaka minane, alipanda kiti,
akaushusha kwa mikono miwili, akayumba.
"Huu ni wa nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu.
Mkono wangu, bila kuniuliza,
ulikuwa umeshachukua kitambaa.

"Mama. Wa nani?"