Nafasi ya Tisa

Banda letu la video liko Igogo,
mgongoni mwa mashine ya kusaga.
Unga hupenya kwenye mwanga wa projekta,
hivyo kila filamu ina ukungu, hata ya jangwani.
Kiingilio mia tano. Mlangoni nakaa mimi,
na daftari ni langu.

Wateja huniuliza: Nyanzala, leo ipi kali?
Sisemi nzuri, sisemi mbaya.
Nahesabu. Wangapi walitoka kukojoa
wakarudi mbio, zipu haijafungwa.
Wangapi karanga zao zililala mkononi.
Umeme ukikatika katikati,
wangapi walidai pesa, wangapi walibaki gizani
wakibishana nani muuaji.

Kwa hesabu hiyo, namba moja ni Mkorea
ambaye Mihayo, mtafsiri wetu,
humpa jina jipya kila Jumamosi.
Ile yake ya bibi na panga,
mpaka leo sijui kama bibi alisamehe:
Mihayo alinyamaza dakika nzima,
kipaza sauti mkononi, mdomo wazi,
na hakuna aliyemzomea.

Ya pili ni ya Rwechungura wa Bukoba,
ile ya karani wa pamba aliyeiba kilo mbili mbili.
Anajua mkulima anavyoutazama mshale wa mizani.
Babu yangu angeitazama amesimama.
Lakini ile yake ya mapenzi, namba saba:
watu wanalia kabla hatujawafahamu,
kama msiba wa kukodi.

Ya tatu nimegombana nayo miaka miwili.
Salha Mwinshehe anaweza kupiga picha mlango
mpaka ukauogopa mlango.
Ila kumaliza hajui.
Kila mara harusi, kama mpishi
anayemwaga sukari kwenye mchuzi wa sato
eti wageni wamefika.

Mihayo anasema sina moyo.
Filamu si gunia, anasema, haipimwi.
Namjibu: wewe unayemtuma jambazi wa Hong Kong
akanunue dagaa Mwaloni,
leo mimi ndiye sina adabu?
Tunacheka. Namba sibadilishi.

Ya nne, tano, sita, nane, someni wenyewe,
zipo kwa chaki nyuma ya mlango.

Ya tisa ni ya Lugembe.
Aliipiga Kayenze siku kumi na moja
kwa kamera ya kuazima, na upepo wa ziwa
umekula nusu ya maneno.
Shujaa anapigwa risasi, anafumba macho,
anafumbua kidogo kuona kama wamemaliza.
Maikrofoni inachungulia kutoka juu
kama shingo ya korongo.
Waliingia kumi na wanane, wakatoka kumi na wanne,
mmoja akadai na nauli.

Sasa, dakika ya arobaini na mbili,
nyuma ya wapenzi wanaogombana,
anapita kijana na ndoo mbili.
Hajaambiwa kuna kamera.
Anateleza, dagaa wanamwagika,
anajitukana Kisukuma,
halafu anageuka kuangalia nani kamwona.
Sekunde sita.

Malimi, mdogo wangu,
miezi mitano kabla hatujamzika Kisesa.

Lugembe mwenyewe hakuwahi kumwona.
Nilimuuliza. Alidhani nadai malipo.

Jumatatu, banda likishafungwa, naiweka.
Naisogeza mpaka arobaini na moja,
nawasubiri wapenzi waanze ugomvi wao.
Mkorea, kwa pesa zake zote na mvua yake yote,
hajanipatia uso kama ule.

Mihayo alinikuta. Hakuuliza kitu.
Alikwenda mlangoni, akarudi na chaki:
ipandishe, hata ya nne, nani atalalamika?

Nikamnyang'anya chaki.
Maneno bado yameliwa na upepo.
Shujaa bado anachungulia.
Ni ya tisa.

Nikarudisha nyuma,
nikamsogezea benchi,
nikamwambia akae, na asitafsiri.