Mizani ya Magari

Jumatano, saa tano, simu hulia kutoka Foggia mjini,
nami hufuta ubao kwa kiganja.
Ngano ngumu, daraja la kwanza, kwa tani:
mia mbili themanini na tano.
Juma lililopita ilikuwa tisini na mbili juu ya hizo mia mbili.
Chaki haina huruma.
Mimi ni karani tu.

Nje, matrekta yamepanga foleni hadi kwenye mizeituni,
mwezi wa sita, jua la kukaanga,
na Savino Dileo, asiyeuza punje tangu mwaka juzi,
anausoma ubao
kama mtu anayesoma cheti cha daktari.

Sababu? Sababu hazijawahi kuadimika.
Kanada kumenyesha.
Waturuki, waliokuwa wakinunua, sasa wanauza.
Aljeria walitangaza zabuni, kisha wakanyamaza,
na kimya cha mnunuzi nacho ni bei.
Meli imetia nanga Manfredonia tangu Jumapili:
hakuna aliyeiona, kila mtu anajua uzito wake.
Mvua ikiwanyeshea wengine, kwetu bei hukauka;
tukikaukiwa sisi, bei hupanda
na ghala halina cha kupanda nayo.

Mwaka juzi Savino alisema subira huvuta heri.
Yake ilivuta fukusi.
Bei ilipofika mia tatu arobaini
alisema, ngoja, mia nne i njiani.
Ilikuwa imepanda kwa ngazi;
ilishuka kwa kuanguka.

Nachota ngano yake, naikata punje kwa kisu.
Ndani ni kaharabu, inapitisha mwanga.
Protini kumi na tatu nukta mbili.
“Nzuri,” namwambia.
“Najua ni nzuri,” anasema. “Sikuuliza hilo.”

Kisha anatoa kotini pakiti ya tambi, nusu kilo,
anakwenda nayo hadi katikati ya mizani ya magari,
anailaza juu ya bamba la chuma,
anarudi nyuma hatua tatu.
“Pima.”

Mizani yetu hubeba lori na trela lake,
tani sitini, bila kuguna.
Nusu kilo haiioni.
Taa nyekundu zikaandika: sifuri.

“Incoronata kailipia euro moja na senti tisini,” akasema.
“Ngano ilipopanda, nayo ilipanda. Sawa.
Ngano imeshuka. Hii nani anaishikilia huko juu?”
Wenye matrekta walicheka,
kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha kucheka.

Nilipiga hesabu nyuma ya stakabadhi:
ngano iliyomo ndani ya pakiti ile, kwa bei ya ubaoni,
haifiki senti ishirini na mbili.
Karatasi nikaikunja. Sikumwonyesha.

Aliuza nusu.
Nusu akaondoka nayo, kwa ajili ya Jumatano nyingine,
trekta likitoa moshi kuelekea Lucera,
na pakiti akaisahau pale pale kwenye chuma.

Jioni nilikwenda nayo nyumbani.
Nyuma, kwa herufi ndogo kuliko chawa:
ngano ya Ulaya na isiyo ya Ulaya.
Nikachemsha maji, nikatia chumvi,
dakika tisa, kama walivyoagiza,
nikala peke yangu, dirisha wazi,
nisijue shamba la nani liko kinywani.